Nguvu unazo, je mbegu? Jinsi mwanaume anavyotakiwa kujipima uzazi, kuanzia kikombe mpaka homoni na jeni

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza, mwaka wa kumi na mbili huu, na kitu kinachoniumiza kuliko vyote ni faili la mwanamke. Anakuja dada na faili nene kama kaunta buku, ndani kuna ultrasaundi nne, kile kipimo cha mirija cha kupitisha dawa ambacho wanawake wakikisimulia wanashika tumbo, homoni za siku ya 3, homoni za siku ya 21, ameshakunywa dawa za kusafisha kizazi, ana miaka minne ya ndoa na mawifi wameshaanza maneno. Namuuliza taratibu, dada na mzee mwenyewe kapima? Hapana, yeye yuko vizuri, nguvu anazo.

Hilo neno "nguvu anazo" limeniliza mara nyingi, ndo maana nimekaa niandike hii kitu kwa urefu. Kwenye kila ndoa kumi zinazohangaika kupata mtoto, karibu tano kuna mchango wa mwanaume, iwe peke yake au pamoja na wa mke. Na kipimo cha kwanza cha mwanaume ni kikombe tu cha kutolea shahawa, hakichomi, hakiumi, kinaisha siku hiyo hiyo. Kama mmekaa mwaka mzima mnakutana bila kinga na hakuna kitu, anza wewe kaka. Kama mke kavuka miaka 35 usisubiri mwaka, miezi sita inatosha.

Kwanza tenganisha mambo mawili kichwani

Kusimama na kuzalisha ni vitu viwili. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu, neva, akili na homoni kiasi fulani. Kutengeneza mbegu ni kazi ya korodani zikiamrishwa kutoka kichwani. Mtu anaweza akawa simba kitandani na akawa na mbegu sifuri, nimeshaona hao wengi sana, na kuna mwingine anahangaika kusimamisha lakini ukipima mbegu zimejaa milioni kibao.

Na lile la maji kuwa mazito au mepesi, watu wanalibeba kama ushahidi. Shahawa sehemu kubwa sana ni majimaji yanayotoka kwenye vifuko vya nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume, mbegu zenyewe kutoka kwenye korodani ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya ujazo wote. Yaani ukitoa mbegu zote pale usingeona tofauti kwa macho. Ndo maana mtu aliyefunga uzazi anamwaga kama kawaida. Kwa hiyo usijipime kwa kuangalia, na usikubali mtu akuuzie dawa ya "kuzitia uzito".

Jinsi ya kutoa sampuli isiyodanganya

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo majibu mengi yanaharibika. Kuna jamaa mmoja alikuja ametoka Igoma, kikombe kiko ndani ya rambo, rambo liko ndani ya kopo lenye barafu, ananiambia kaka nimezihifadhi zisiharibike. Alikuwa amefanya kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyobeba sangara. Nilipoweka chini ya maikroskopu mbegu zipo nyingi lakini zimelala, mmoja mmoja ndo anajitikisa. Kama ningeandika vile nilivyoona angeondoka na jibu la kumvunja ndoa. Tulirudia wiki iliyofuata, alitolea pale pale kwetu, zilikuwa zinakimbia vizuri tu.

Sasa fuata hivi. Kaa bila kumwaga siku 2 mpaka 7, isiwe chini isiwe juu, wengi tunawaambia siku 3 au 4. Kukaa mwezi mzima ukidhani unazikusanya haisaidii, zinazeeka humo ndani na mwendo unashuka. Unatoa kwa mkono, ndani ya kikombe cha maabara chenye mdomo mpana, sio kopo la blue band ulilosafisha nyumbani. Usitumie mate, usitumie sabuni, usitumie mafuta ya nazi wala losheni, vyote hivyo vinaharibu mwendo wa mbegu. Usitumie kondomu ya dukani pia. Kama dini au dhamiri yako inakukataza kujichua sema tu bila aibu, zipo kondomu maalum zisizo na kemikali za kukusanyia sampuli ukiwa na mkeo, uliza maabara mapema.

Tone la kwanza likidondoka chini sema. Sehemu ya kwanza ya mmwago ndo imebeba mbegu nyingi, ukiimwaga nje ukatuletea mabaki hesabu inakuwa ya uongo. Tunawaona watu wanaona aibu kusema, sisi hatuna habari na aibu yako, tunataka namba iwe sahihi.

Kama unatolea nyumbani, ifike ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja, na uibebe karibu na mwili, mfuko wa ndani wa shati au kiunoni, isipate baridi wala jua la kwenye dashibodi ya gari. Andika saa uliyotoa juu ya kikombe.

Na kitu kimoja cha muhimu sana, mbegu inachukua kama siku 74 kutengenezwa, ongeza wiki mbili hivi za kupita kwenye mirija, jumla miezi mitatu. Maana yake kipimo cha leo kinaonesha maisha yako ya miezi mitatu iliyopita. Ukiumwa malaria kali na homa ya 39 mwezi wa tatu, ukapima mwezi wa tano, unaweza kukuta hesabu imeanguka na wala huna ugonjwa wowote wa uzazi. Ndo maana jibu baya la mara moja sio hukumu, linarudiwa.

Kusoma karatasi ya majibu

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ndo hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla ya mmwago wote milioni 39, zinazotembea kwa ujumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Ndio, nne. Watu wanaona "umbo la kawaida 5%" wanapigwa na butwaa wanadhani 95 zote ni vilema, tulia, hiyo ni kawaida kwa binadamu.

Hizi namba zimetoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, na hicho ni kiwango cha asilimia 5 ya chini yao. Kwa hiyo ukiwa na milioni 14 haimaanishi huwezi, inamaanisha inaweza kuchukua muda zaidi na kuna haja ya kuangalia kwa nini. Ukiwa na milioni 2 hapo ni habari nyingine. Na ukiambiwa sifuri, muulize mtu wa maabara swali moja: mliizungusha kwenye mashine? Sifuri ya kweli ni ile ambayo sampuli imezungushwa kwa kasi, kile kilichotuama chini kikaangaliwa chote, na ikarudiwa siku nyingine. Mara kadhaa nimekuta mbegu tatu nne kwenye lile tope la chini, na hizo tatu nne zinabadilisha kabisa safari ya mtu, maana siku hizi mbegu moja inatosha kuingizwa kwenye yai moja, hiyo njia ilianzia Brussels kule Ubelgiji na watoto wa kwanza waliripotiwa 1992.

Kabla ya damu, jipapase

Siku moja ukioga maji ya moto, mfuko ukilegea, shika korodani zako moja moja. Za mtu mzima zinatakiwa zizidi yai la kware, laini lakini zina ubishi ukibonyeza. Zikiwa ndogo kama korosho iliyobanguliwa na ngumu, kumbuka hilo, tutalirudia. Juu yake, hasa kushoto, ukisimama ukahisi kama fundo la minyoo laini, hiyo ni mishipa ya damu imevimba, karibu wanaume 15 kwa 100 wanayo na wengi wanazaa tu, lakini kwa wanaohangaika inafika 35 hadi 40 kwa 100, na kwa baadhi yao upasuaji mdogo unasaidia. Sio busha hiyo, busha ni maji. Na ngiri ni henia, sio kitu kinachokuzima nguvu, watu wamekunywa mizizi miaka kwa ajili ya "chango la kiume" huku sukari inapanda kimya kimya.

Jiulize pia: utotoni korodani zote zilishuka? Uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa umeshabalehe, korodani ikavimba? Ulipigwa mionzi au dawa za saratani? Andika yote.

Homoni: msimamizi na kiwanda

Ukielewa hii sehemu utaweza kusoma majibu yako mwenyewe. Ndani ya kichwa kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, inatuma ujumbe kwa vipindi, kila saa moja na nusu au mbili hivi, kwenda kwenye tezi ya pituitari ambayo ukubwa wake ni kama njegere. Ile tezi inatoa homoni mbili, LH na FSH, zinashuka na damu mpaka kwenye korodani. LH inaziambia seli fulani zitengeneze testosteroni, yaani homoni ya kiume. FSH inaziambia seli zingine, zile zinazolea mbegu, zifanye kazi. Kiwanda kikifanya vizuri kinarudisha taarifa juu, msimamizi anatulia. Kiwanda kikizembea msimamizi anapiga kelele zaidi.

Basi ndo siri yote ipo hapo.

FSH ikiwa juu, tuseme imezidi 7.6, na korodani ndogo, mbegu hakuna au chache sana, msimamizi anapiga kelele na kiwanda hakijibu, tatizo liko kwenye korodani zenyewe. FSH na LH zote ziko chini na testosteroni chini, msimamizi kalala, tatizo liko kichwani, na hawa ndo wenye bahati maana dawa zipo na zinafanya kazi. FSH kawaida, korodani nzuri kwa ukubwa, testosteroni nzuri, lakini mbegu sifuri, hapo fikiria njia imeziba, mbegu zinatengenezwa ila hazitoki.

Damu ya testosteroni inachukuliwa asubuhi, kabla ya saa nne, tumbo tupu, umelala vizuri. Jioni inashuka yenyewe, mtu akipima saa tisa mchana ametoka kazini amechoka ataambiwa homoni ziko chini na ataanzishiwa dawa asizohitaji. Ikitoka chini rudia siku nyingine kabla hujaamini. Angalia na vipimo vilivyoandikwa pembeni ya namba, maabara moja inaandika nanogramu kwa desilita, ingine nanomoli kwa lita. 300 ya kwanza ni sawa na kama 10.4 ya pili. Nimeona mtu analia ana "12" kumbe yuko sawa.

Pima na prolaktini, hasa kama hamu imekata kabisa. Hii ni homoni ya maziwa, mwanaume anayo kidogo, ikipanda sana inamlaza msimamizi. Inaweza kupandishwa na kivimbe kidogo kwenye ile tezi, na dalili zake ni hamu kuisha, uume kulala, kichwa kuuma, kuona vizuri mbele lakini pembeni giza, wengine chuchu zinatoa maji. Ikiwa ni kivimbe mara nyingi hakuna haja ya kisu, kuna vidonge vinaitwa kabergolini vinakishusha na mtu anarudi kwenye hali yake. Ila dawa zingine zinapandisha prolaktini pia, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na ile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kwa hiyo taja dawa zote unazokunywa. Na tramadoli, ndugu zangu wa malori na bodaboda mnaoitumia kukata uchovu, kundi hilo la dawa linashusha testosteroni, hili halisemwi kabisa.

Tumbo nalo. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, kitambi kikikua mgeuzo unakua. Sio maneno ya kukusimanga, ndo kemia yenyewe ilivyo, na ukipungua uzito homoni inapanda bila sindano.

Sindano ya gym: hapa tafadhali nisikilize

Alikuja kijana wa miaka 29, mabega yamejaa mlango, ana mwaka wa pili kwenye ndoa. Mbegu sifuri. Nikazungusha, sifuri. Daktari akaagiza homoni, testosteroni iko juu kupita mashine inavyosoma vizuri, LH na FSH karibu hazipo. Nilimwita pembeni nikamuuliza, mdogo wangu unachoma nini? Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema lakini si ndo homoni ya kiume yenyewe?

Ndio ni homoni ya kiume, na hapo ndo mtego ulipo. Ukiichoma kutoka nje, kichwa kinaona damu imejaa testosteroni, kinamwambia msimamizi nyamaza. LH na FSH zinazima. Ndani ya korodani testosteroni inatakiwa iwe mara 50 hadi 100 ya ile ya kwenye damu ili mbegu zikomae, sasa kiwanda kimefungwa, ile ya ndani inaanguka hata kama ya kwenye damu iko juu mbinguni. Korodani zinasinyaa, mbegu zinaisha.

Hii sio nadharia. Shirika la Afya Duniani waliwahi kuijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, matokeo yakatoka 1990, wanaume 271 kutoka nchi 7 wakichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Ndani ya miezi sita 157 walifika sifuri kabisa, na hao walipotegemea sindano peke yake kwa mwaka mzima ilipatikana mimba moja tu. Kwa hiyo kaka unayetafuta mtoto na mtu anakupa testosteroni "ya kuongeza mbegu", iwe sindano iwe jeli, kimbia. Inafanya kinyume kabisa.

Habari njema ni kwamba wengi wakiacha mbegu zinarudi, kati ya miezi sita na mwaka, wengine mpaka miaka miwili. Yule kijana alirudi kwangu baada ya miezi 14, hesabu milioni 11, nilitoka nje ya maabara kumwonesha karatasi mwenyewe. Usiache kienyeji lakini, kuna wanaoanguka vibaya sana wakiacha ghafla, hamu inakufa, huzuni inaingia, daktari ana dawa za kusaidia, kama klomifeni inayomwamsha msimamizi, au sindano za hCG, homoni inayofanya kazi ya LH na kukiamrisha kiwanda moja kwa moja. Kwa yule mwenye testosteroni ya chini kweli na bado anataka mtoto, ni hizi hizi ndo zinatumika, sio testosteroni yenyewe.

Jeni: lini upime na utapata nini

Sio kila mtu anahitaji. Mbegu zikiwa chini ya milioni 5 kwa mililita, au hakuna kabisa na FSH iko juu, omba kipimo cha kromosomu, vile vifurushi vya jeni ndani ya seli, kinaitwa kariotaipu. Zikiwa chini ya milioni 1 au sifuri na njia haijaziba, ongeza kipimo cha mapengo kwenye kromosomu Y, yaani vipande vilivyokosekana. Vyote ni damu tu ya mkononi.

Kinachopatikana mara nyingi zaidi ni kromosomu X ya ziada. Mwanaume wa kawaida ana X moja na Y moja, huyu ana XXY. Daktari Harry Klinefelter wa Marekani aliwaeleza wanaume tisa wa namna hii mwaka 1942, ila chanzo kilijulikana 1959 kule Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong walipohesabu kromosomu wakakuta 47 badala ya 46. Ni kama mtoto mmoja wa kiume kati ya 600 hivi anazaliwa nayo, sio kitu cha ajabu, ila wengi wanazeeka bila kujua. Hawa ndo wenye korodani kama korosho niliyosema. Anaweza kuwa mrefu, miguu mirefu, ndevu chache, matiti kidogo, na anaweza asiwe na chochote cha kuonekana, ana mke, anasimamisha vizuri, ni mwalimu au fundi anayeheshimika, kitu pekee mtoto haji. Ni mwanaume kamili, naomba hilo lieleweke na wake na mawifi. Haikutoka kwa mganga wala kwa mama yake kula kitu, ni ajali ya kugawanyika kwa seli, na kwa kawaida hairithiwi.

Zamani aliambiwa basi. Tangu miaka ya mwishoni ya 1990 kuna upasuaji wa kuifungua korodani na kutafuta mbegu kwa hadubini kubwa, vijifuko vinavyoonekana vimejaa ndo vinachukuliwa, na kwa wenye XXY karibu nusu yao mbegu zinapatikana. Lakini kama ameshaanzishiwa testosteroni kabla ya kutafuta, mambo yanakuwa magumu. Kwa hiyo mpangilio: kwanza mbegu, zihifadhiwe kwenye baridi, halafu testosteroni, maana ataihitaji baadaye kwa ajili ya mifupa, damu na nguvu.

Kuhusu Y, kuna maeneo matatu yanaitwa AZFa, AZFb na AZFc, Waitaliano Tiepolo na Zuffardi ndo walioshtukia mwaka 1976 kwamba Y ina sehemu inayohitajika kutengeneza mbegu. Jibu lako likisema AZFa yote au AZFb yote haipo, usikubali kupasuliwa kutafuta mbegu, hazitapatikana, utapoteza hela na kuumiza korodani bure. Likisema AZFc, matumaini yapo, wengine wana mbegu chache kwenye shahawa kabisa. Ila kumbuka kila mtoto wa kiume atakayezaliwa atabeba pengo hilo hilo, mabinti hawalibebi maana hawana Y. Mkae na mkeo mlijue hilo kabla.

Watu wanapinga hapa, "babu yangu alikuwa na watoto kumi na mbili, hii haiwezi kuwa ya jeni". Inaweza. Hayo mapengo mengi yanatokea upya kwako wewe, baba hana.

Kuna na wale ambao hawakubalehe vizuri, sauti haikuzama, ndevu hakuna, na hawasikii harufu. Muulize tu, unasikia harufu ya dagaa wakikaangwa? Kama hajawahi kusikia harufu tangu kuzaliwa, mwambie daktari hilo neno, kwa sababu ni tatizo la jeni la ule ujumbe wa haipothalamasi, msimamizi hakuwahi kuamshwa. Hawa wanatibika, sindano za hCG kisha FSH, inachukua miezi sita mpaka miaka miwili, na mbegu zinakuja. Na ukikuta ujazo ni kidogo sana, shahawa ina asidi, mbegu sifuri, daktari apapase kama ile mirija ya kupitisha mbegu ipo kweli, kuna wanaozaliwa bila hiyo, kwetu ni wachache kuliko Ulaya.

Selimundu siwezi kuiacha, Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani. Kijana wa selimundu anaweza kuamka uume umesimama bila hamu, unauma, haushuki. Ikizidi masaa manne ni dharura kama ajali ya gari, nenda hospitali usiku huo huo, damu imenasa humo na misuli inakufa, akichelewa kusimama kwake kunaweza kuisha moja kwa moja. Wengi wanaficha kwa aibu mpaka asubuhi. Wazazi waambieni vijana wenu mapema. Na ile dawa ya selimundu, haidroksiurea, inayowasaidia sana inaweza kushusha mbegu, sio sababu ya kuiacha, ni sababu ya kuongea na daktari kabla ya kutafuta mtoto.

Kama shida ni kusimama

Angalia asubuhi. Kama unaamka umesimama vizuri siku nyingi lakini kwa mke hapana, mara nyingi mwili uko sawa, tafuta kwenye msongo, usingizi, ugomvi wa ndani. Kama hata asubuhi kimya, pima sukari, presha, mafuta ya damu na testosteroni, kwa pamoja. Mshipa wa uume una milimita 1 mpaka 2, wa moyo 3 mpaka 4, kwa hiyo mafuta yakianza kuziba yataanza kuonekana kwenye ule mwembamba, miaka michache kabla ya moyo. Mwenye miaka 45 anayeanza kulegea namwona kama mtu aliyepewa taarifa mapema.

Vumbi la Kongo na unga mwingine wa barabarani sikushauri. Dawa nyingi za namna hiyo duniani zikipimwa zinakutwa zimechanganywa sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha, bila kuandikwa, na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo presha inaweza kuanguka akafa. Sildenafili yenyewe ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari anayejua unakunywa nini kingine. Haiongezi mbegu.

Siku ya kwenda

Nenda na mkeo, wote wawili, na karatasi uliyoandika: dawa zote pamoja na za gym na za mizizi, magonjwa ya utotoni, homa za miezi mitatu iliyopita, kama kuna wa ukoo aliyehangaika. Kikombe kwanza, mara mbili, halafu homoni asubuhi, halafu jeni kama namba zinaita. Jeli na sindano za testosteroni hapana mpaka majibu yatoke.

Na damu ya kariotaipu usikubali kutolewa Ijumaa. Ile inatakiwa ifike ikiwa hai, kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani, kwa sababu seli zinaoteshwa kama siku tatu ndo kromosomu zihesabiwe, na nyingi tunazisafirisha mbali. Ikilala wikiendi nzima kaunta seli zinakufa, na wewe utasubiri wiki kadhaa uje uambiwe sampuli haikuota, njoo utolewe tena. Njoo Jumatatu au Jumanne asubuhi.